Kompyuta Ingoje

Mchapaji wa duka la fotokopi ana vidole vifupi vinavyodunda kwenye kibodi kama mvua juu ya bati, na kila akimaliza mstari husema, "Haya!" Tangu jana mpwa wake alipoibadilishia mfumo endeshi ile kompyuta kuukuu, mkono wake bado hukimbilia pembe ya chini ya kioo kutafuta kitufe ambacho sasa kiko juu. Hujizomea, hucheka, huanza tena.

Zamani akishaiwasha alichukua kikombe chake cha chai, akaenda mlango wa pili kupiga soga na fundi cherehani mpaka mashine iamke. Leo amewasha, na kabla hajafika mlangoni kioo kimeng'aa, tayari kwa kazi. Akaduwaa. Akaizima, akatoka mbio, akarudi akimburuta fundi, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni mwa fundi. "Usipepese macho, mwenzangu!" Akabonyeza. "Umeona? Umeona?"

"Makubwa!" fundi akasema. "Basi soga zetu ndiyo zimekwisha?"

"Zimekwisha wapi!" Mchapaji akanyakua kikombe, akamshika mkono. "Twende. Miaka yote nimeingoja mimi. Leo ingoje yenyewe."