Lori la Ngano Mbele ya Hakimu wa Nakuru

Kilichonitoa Njoro siku hiyo ni karatasi. Askari wa barabarani aliandika kwamba nilipandisha mlima wa kutoka Nakuru kwa maili arobaini kwa saa, mahali panaporuhusiwa thelathini. Niliisoma mara tatu, na kusema kweli nilifurahi kidogo. Lori la shamba letu lilikuwa kongwe, nami kwa miaka miwili nilikuwa nikiwaambia watu wa Njoro kwamba hakuna gari linaloliweza kwa mbio.

Furaha iliisha karani wa shamba aliponieleza mambo.

"Ukikubali, utalipa faini na leseni itaandikwa kosa. Tayari iko na moja. Ya pili, bwana atatafuta dereva mwingine."

"Na nikikataa?"

"Tafuta shahidi."

Shahidi alikuwa mmoja tu, baba mkwe wangu, Mzee Kiptoo, niliyempa lifti siku niliyoandikiwa karatasi. Angekuwa rafiki, ningemfundisha la kusema. Lakini mkwe hafundishwi. Nilimwomba aje tu, naye akaja na koti lake la kanisani.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuliondoka na mzigo wa ngano. Kati yetu nilisimamisha gunia, maana si adabu bega langu kugusa la baba mkwe. Mzee alitazama mashamba, kisha akasema, "Hii gari iko mbio, mtoto yangu." Nikawaza atasema hivyo hivyo mbele ya hakimu.

Ziwa lilipoonekana chini yetu, niliamua kulipa. Tulipofika mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, niliamua kukataa. Mlangoni pa mahakama nilitamani kurudi nyumbani.

Saa nne niliitwa. Hakimu, Mzungu aliyejua Kiswahili vizuri, aliuliza kama nakubali kosa. Nikasema sikubali. Mzee akaapishwa.

"Mzee, gari lilikuwa na mbio?"

"Mbio sana, bwana. Mkwe yangu hakuna mtu anamshinda."

Alikuwa ananisifu, masikini. Nami nisingeweza kumkanusha baba mkwe mbele za watu, hata kwa leseni. Niliinama nikaanza kuwaza kurudi kwenye jembe.

"Mbio namna gani?"

"Zamani nilikuwa natoka Nakuru na ng'ombe, nalala njiani. Na hii gari, tumetoka jua iko kichwani, tumefika Njoro wakati ya kukamua jioni. Siku moja tu."

Hakimu, aliyejua kwamba ni maili kumi na mbili tu, aliweka kalamu chini. "Na pale mlimani, kwa askari?"

"Pale sikuwa ndani. Nilishuka kusalimu rafiki yangu. Nikauliza habari ya watoto, ya ng'ombe, halafu nikatembea nikaipata bado inapanda."

Mahakama nzima ilicheka, askari pia. Hakimu alisema huenda saa ya askari ya kupimia mwendo ilipima gari jingine, akaniachilia.

Saa nane tulianza kurudi. "Nilikusifu vizuri?" mzee aliuliza.

"Vizuri sana, baba," nilijibu, na siku hiyo nilimpenda kuliko siku zote. Nilijifunza kwamba majigambo ya miaka miwili yanaweza kufutwa na sifa za dakika tano.

Habari ilifika Njoro kabla yangu, imeletwa na mtu wa baiskeli. Kwenye njia panda nilisimama kumpakia mama mmoja mwenye kikapu kizito kichwani.

"Tangulia tu, dereva," alisema. "Niko na watu wa kusalimia. Nitakupata mbele."