Shija Hakutaka Kuona Tembo

Tangu Dastan, mtoto wao wa mwisho, aende chuo Mwanza, Felisita alikuwa hatulii. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne mjini Bariadi, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa jirani na Serengeti ambaye hakuwahi kuingia humo hata siku moja. Kila jioni aliitandaza ramani mezani.

"Tunaingia kwa lango la Ndabaka, tunalala mbugani siku mbili, tunatokea Arusha. Halafu Tanga, halafu Pangani. Bahari, Baba Dastan! Miaka ishirini na minne ya ndoa, tumekwenda wapi zaidi ya misibani?"

Shija, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, hakuwa mtu wa maneno mengi. Ikitajwa bahari, alitabasamu na kuuliza kama kweli maji yale hayanyweki. Ikitajwa mbuga, aliinuka. Mara akatazame tairi la pikipiki, mara akahakikishe kuku wamefungiwa. Felisita aliona, na moyo haukumpa raha. Labda anaona haya kutembea na mimi, aliwaza. Labda yuko mwingine.

Jumamosi moja akamburuta hadi kwa Flora, binti aliyekuwa akipanga safari za watalii katika chumba kidogo karibu na stendi. Flora akawageuzia kompyuta. Kioo kizima kilijaa kundi la tembo.

"Hawa mtawaona karibu kabisa, kama tulivyokaa hapa," akasema.

Shija akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga.

Felisita alimkuta kwa mama mchoma mahindi, ameshika hindi ambalo hajaling'ata.

"Una mwanamke mwingine?" akamuuliza palepale. "Niambie tu, nijue."

Shija akamtazama kama asiyeelewa. Kisha akamvuta kando, kwenye kivuli cha ukuta.

"Nilikwambia mayu, mama yangu, alikufa kwa malaria."

"Ndiyo."

"Hakufa kwa malaria."

Wakati huo alikuwa na miaka kumi na sita, akaeleza, kijijini kwao Meatu, ukingoni mwa pori la akiba. Tembo waliingia kwenye mtama alfajiri. Mama yake akamwamsha akapige debe awafukuze. Akasema anakuja, akajigeuza upande wa pili. Mama akachukua debe mwenyewe.

"Nilikuwa nasikia debe likilia," Shija akasema. "Halafu likanyamaza."

Felisita aliona haya kwa lile swali lake, akaona haya pia kwa ile ramani ya kila jioni. Jumatatu baada ya vipindi alirudi kwa Flora, akaomba siku za mbugani zifutwe. Wangepanda basi moja kwa moja hadi pwani. Akadhani mambo yameisha.

Lakini sasa Shija ndiye aliyekuwa hatulii. Alirudi nyumbani mapema kutoka kazini, akatoka tena. Alianza sentensi akaziacha njiani. Wiki ya pili akaja na karatasi mkononi: alikuwa amekwenda kwa Flora peke yake, akarudisha siku moja ya mbuga.

"Si lazima, Baba Dastan."

"Najua. Nataka nimwone tembo mchana, mimi nikiwa macho."

Desemba wakaenda. Saa nne asubuhi, mbele kidogo ya mto, dereva wao Maganga alisimamisha gari na kuzima injini. Tembo tisa walikuwa wakivuka barabara.

"Washa gari," Shija akasema. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

Maganga akawasha. Felisita akaushika mkono wa mumewe. Ulikuwa wa baridi kama chuma. Tembo walipita bila haraka. Mmoja akasimama, akawageuzia uso, masikio wazi.

"Huyo ni jike?" Shija akauliza kwa sauti ndogo.

"Jike, mzee. Ana mtoto nyuma."

Shija akamkodolea macho hadi alipopotea vichakani. "Twende," akasema. Hakulia, wala hakusema kwamba amemsamehe mtu. Hadi Arusha alitazama barabara, na Felisita hakumbughudhi.

Pangani ndipo maneno yalipomtoka. Walikuwa wamekaa mchangani baada ya chakula cha mchana, suruali yake imelowa hadi magotini, akaanza tu: mama yake aliitwa Salu, aliimba wakati wa kupalilia, alikuwa mkali kwa mtoto mvivu. Felisita alisikiliza mpaka maji ya bahari yakapwa. Kisha Shija akaomba simu, akampigia dada yake Nyanjige kule Mwanhuzi, ambaye naye hakuwahi kuambiwa kwamba asubuhi ile mama yao alimwamsha Shija kwanza.

"Mwadila, dada," akamsalimu kwa Kisukuma, akasimama, akaanza kutembea huku na huko ufukweni. "Kaa chini kwanza. Nina jambo."