Refa Asiye na Filimbi

Fundi saa alipotea mara mbili kabla ya kuuona mlango wa bluu nyuma ya gereji. Mtaa ule hakuwahi kuukanyaga. Kwapani alimbeba Gunia, mtoto wa mbwa wa miezi minne, mzito kama jina lake, na kichwani alibeba maneno ya mkewe: "Huko nako wakimfukuza, usirudi naye." Darasa la kwanza la kufunza watoto wa mbwa walishamtoa kwa kuonea wenzake.

Ukumbi ulinuka dawa ya sakafu. Mwalimu alikuwa mama mfupi mwenye raba nyeupe, aliyeitwa Refa kwa sababu alichezesha ndondi miaka kumi na tisa, hadi magoti yakamgomea. Hakuwa na filimbi wala fimbo.

"Karibu, baba. Mfungue kamba huyo bondia wako."

"Mama, huyu mkorofi. Nakuambia mapema."

"Wakorofi nawajua. Kuna walionikosakosa taya. Fungua."

Gunia akamvamia Karanga, kijibwa kisichozidi kiatu. Akamwangusha, akamkalia, meno shingoni.

"Refa! Ataniulia mtoto!" Muuza maua, mwenye Karanga, alipiga ukunga.

Fundi saa aliidaka kamba amfunge tena. Mikono iliyozoea skrubu ndogo kama chawa ilimtafuta Gunia shingoni.

"Subiri," Refa alisema, wala hakupaza sauti. Alipiga goti kwa taabu, akamkumbatia Gunia kifuani na kumsogeza hatua mbili. "Tumuulize anayeonewa. Akikimbilia kwa mama yake, mchezo umekwisha. Akirudi, tuwaache."

Karanga alisimama, akajikung'uta. Akaitazama miguu ya muuza maua. Akamtazama Gunia. Kisha akainamisha kifua sakafuni, makalio juu, akaruka na kuling'ata sikio la Gunia.

"Makubwa! Kumbe mchokozi ni wangu!" Muuza maua alicheka hadi machozi.

Gunia, alipoachiwa, alijilaza chali mwenyewe, mwili wote ule, akamwacha yule mdogo ampande.

Fundi saa aliiachia kamba. Alikuwa amewaona watu wakimwamulia mbwa wake, wakimkemea, wakimfungia nje. Kumuuliza mbwa mwenzake, hata siku moja.

"Na kule walikomtoa?"

"Hawakuuliza," Refa alijibu, akivaa koti. "Jumamosi, saa tatu. Fundi saa akichelewa tutamcheka. Mkimaliza, funguo mpeni mlinzi wa gereji."

Akatoka akichechemea. Fundi saa aliketi sakafuni kama mtoto, simu sikioni. "Mke wangu," alinong'ona, "tunarudi wote. Lakini si sasa hivi. Ngoja kwanza niangalie."