Damu Ng'ambo ya Korongo

Tangu mumewe angali hai, Lorna Tveit alikuwa akiomba kibali cha kuwinda dume la wapiti, kulungu mkubwa wa milima ya Wyoming. Mwaka huu jina lake lilitoka kwenye bahati nasibu ya vibali. Mnyama mmoja, basi. Nyama ya majira yote ya baridi.

Asubuhi hiyo alitambaa na shemeji yake, Wendell, upepo ukiwapiga usoni. Wendell akapuliza filimbi ya kuigiza mlio wa jike. Dume likajibu, likaanza kushuka.

"Shemeji, unatongoza vizuri kuliko ulivyomtongoza dada yangu," Lorna alinong'ona.

"Nyamaza. Posa inajibiwa."

Kabla Lorna hajalenga, risasi ikalia kutoka ng'ambo ya korongo, mbali mno. Mpigaji alionekana kama kisiki chenye kofia ya rangi ya chungwa. Dume likayumba, likaingia msituni likiburuta mguu wa nyuma.

Wakangoja mpigaji avuke. Huku, ukipiga, hata ukidhani umekosa, unakwenda kusimama pale aliposimama mnyama na kutafuta damu. Kofia ile haikuvuka. Iliketi.

"Anadhani amekosa," Wendell alisema.

"Hajadhani chochote. Mtu anayedhani huja kuangalia."

"Ukilimaliza wewe, kibali chako ndiyo kimekwisha. Na paja limeshaharibika. Madume yapo mengine, shemeji."

"Na hili lioze kwa faida ya nani?"

Walifuata damu kwenye theluji. Lorna akalimaliza kwa risasi ya shingo, akafunga kibali chake kwenye pembe, alama kwamba kimeshatumika.

Walikuwa wameshachuna ubavu mmoja mwenye kofia alipotokea, akihema. Aliona pembe kwanza.

"Mama, hilo dume langu. Mimi ndiye niliyelipiga."

"Sasa ndiyo miguu imekumbuka kuvuka?"

"Nilijua nimekosa, mpaka niliposikia bunduki yenu. Nyama chukueni yote. Nataka pembe tu."

"Posa imechelewa, bwana," Wendell alisema.

Lorna hakucheka. Alikata pajani nyama iliyosagika, nyeusi, yenye vipande vya mfupa na risasi, akamtia mikononi.

"Chako ni hiki. Kabebe."

Akarudi kuchuna. Mtu yule alisimama palepale, damu ikichuruzika kwenye koti lake jipya, mpaka Wendell alipomwambia asogee, anawazibia mwanga.