Lori Bila Sailensa

Leo nimepita kwa fundi wa kuchomelea hapa Pioneer, na harufu ya chuma moto ikanisimamisha.

Baba aliendesha lori la mahindi kutoka Moiben. Siku moja alimwambia fundi akate sailensa, aweke bomba tupu.

“Mama yenu anisikie nikiwa bado mbali, abandike maji ya ugali,” alituambia akicheka.

Likinguruma kule barabarani majirani walinung'unika, lakini Mama alikuwa ameshawasha jiko.

Jioni moja tulilisikia, Mama akabandika maji. Lakini aliyeshuka alikuwa mwenye lori, koti la Baba mkononi.

“Mama, keti kwanza,” alisema.

Jikoni maji yalichemka mpaka yakakauka. Hakuna aliyetia unga.