Bundi wa Akheri na Sumu ya Panya

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, Mtafiti Mkuu alinipa mfuko akaniambia niokote madonge chini ya mti wa mgrevilea, yale anayotapika bundi baada ya kula. Nikakataa. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, mimi kifungua mimba nimeacha shule nilee wadogo zangu, na kijiji kizima cha Akheri kilisema bundi ndiye aliyelia juu ya paa letu.

Mtafiti yule, mwanamke mtu mzima, hakunicheka. "Vunja moja, mwanangu. Tuone alikula nani."

Ndani mlikuwa na manyoya na taya za panya.

Nikabaki. Tulitundika masanduku ya bundi kutagia katika baadhi ya mashamba ya mahindi. Mengine tuliyaacha bila sanduku. Hayo ndiyo mashamba ya kulinganishia, maana bila hayo huwezi kujua kama ni bundi au ni mvua tu. Msimu baada ya msimu, penye masanduku panya walipungua. Wazee waliokuwa wakiwapiga bundi mawe wakaanza kuniuliza zamu yao ya kupata sanduku itafika lini. Kwa kazi hiyo mdogo wangu Elia alisoma hadi akamaliza.

Kisha serikali ikaruhusu soko huria. Sumu ya panya ikauzwa mezani pamoja na viberiti. Mtafiti Mkuu akahamishwa. Nilimweleza Mkuu wa Kituo aliyemfuata kwamba panya aliyelishwa sumu hafi papo hapo. Huyumbayumba, bundi akamdaka, na bundi naye akafa. Akajibu kwamba taarifa zetu amezisoma. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Asiyejua husamehewa.

"Mkulima anataka dawa, hataki ndege," alisema, na wauza sumu akawapa uwanja wa kituo wafanyie maonyesho.

Nikawa naokota bundi waliokufa chini ya masanduku niliyoyatundika mwenyewe. Nilipokwenda Elerai, dukani kwa Elia, nikaikuta sumu ileile rafuni.

"Kaka, nisipouza mimi atauza jirani."

"Basi auze jirani. Wewe umesomeshwa na bundi."

Nimestaafu. Panya wamejaa tena mashambani, na wakulima wananunua sumu kila msimu. Ninyi vijana watafiti, msiishie kuandika. Ulizeni nani ataulinda ushahidi wenu mkishahamishwa.

Elia huja Jumapili baada ya ibada. Ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, kisha namkagua mfuko langoni. Ndani ya uzio wangu limebaki sanduku moja, na lina makinda.