Move na Remove, Darasani Kwedizinga

Msimu ule darasa letu la Kwedizinga lilinuka majivu, maana watu walikuwa wakichoma mashamba pande zote kungojea mvua. Mwalimu Kihiyo, kijana aliyeletwa kutoka Korogwe, aliandika ubaoni maneno mawili ya Kiingereza: move na remove. Kwa move, alisema, mtu anaweza kuhama mwenyewe kwa miguu yake na sentensi ikatosha. Remove haitoshi hivyo. Lazima awepo mwenye kuondoa, na kitu kinachoondolewa. Rafiki yangu Zaina akanyoosha mkono. "Mwalimu, na mtu anaweza kuwa hicho kitu?" Mwalimu alitazama dirishani kwanza, kisha akafuta ubao.

Nyumbani niliposimulia, bibi yangu aliacha kupepeta mahindi. Habari za watu kukusanywa kwenye vijiji vya ujamaa zilikwishafika kwetu, naye hakumwamini mgeni yeyote. "Huyo katumwa," alisema. "Anawazoesha maneno ili siku ikifika msilie." Tangu hapo tulimchunguza mwalimu: nani anamtembelea, kwa nini anapita kwenye mashamba ya watu jioni, mbona anacheka na katibu wa chama. Mama akaacha kumpelekea mboga. Sisi watoto tulimwamkia shikamoo, lakini tukitazama chini.

Lori la kutubeba lilipokuja, mgambo walianzia kwa mwalimu. Walitoa kitanda chake nje, wakaezua nyasi za paa, naye akabaki amesimama na fulana, hajui aende wapi. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Bibi alimtazama kwa muda mrefu, kana kwamba hata hilo lingeweza kuwa igizo, kisha akamsogelea.

"Mwanangu, sisi leo ni neno lipi? La kwanza au la pili?"

"La pili, bibi," akajibu. Akampokea mzigo, akampandisha garini, wakaketi pamoja juu ya magunia.

Leo kijiji kile tulichopelekwa kina zahanati na umeme. Wajukuu zangu, ambao Kiingereza chao kimenipita mbali, husema kwa fahari kwamba ukoo wetu ulihamia pale. Siwabishii, pale ndipo walipozaliwa, na wanapapenda. Ila wakifika watu na kamba za kupimia ardhi, wao hukimbilia kuwatolea viti. Mimi husimama mlangoni, na kuwaacha wageni hao wasimame pia, mpaka waseme wanachotaka.